Mtihani wa Kitufe cha A

Chumba cha Kumbukumbu, ghorofa ya pili
Jumamosi, saa nne asubuhi

Kwa Kaka yangu Fundi,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi yangu na wanangu wote wawili. Mgongo unasemaje? Na usinijibu kwamba haujambo, maana wifi ameshaniambia kuwa juzi ulibeba feni mbili za wateja kwa mkupuo mmoja ukidhani hakuoni. Yule mkubwa kikohozi kimemwacha? Mwambie shangazi yake ameuliza, na kwamba shangazi anakijua vizuri kikohozi kinachokuja Jumatatu tu. Sisi huku wazima kabisa. Shemeji yako anakusalimu sana. Bado anakoroma na bado anakana.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Nimeandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, nina habari ndefu na tamu, na wewe kwenye simu hunikatiza kila sentensi ya tatu. Ya pili iko mwisho wa barua, na hiyo siwezi kuisema huku nakusikia unapumua. Kwa hiyo kaa chini, vaa miwani, na usirukie ukurasa wa mwisho kama kawaida yako. Habari yenyewe kwa kifupi ni hii: Kaka, nimeshinda! Nimeshinda mchana kweupe, mbele ya bodi nzima, na nimeshinda kwa yale uliyonifundisha wewe.

Kazi yangu unaijua juu juu tu, ngoja nikueleze vizuri. Bodi yetu ya maji ina wajumbe tisa, wanaketi kwenye meza moja ndefu ghorofani. (Ndiyo, Kufuli, yule mlinzi uliyempa jina hilo mwenyewe baada ya kukufukuza miaka tisa iliyopita ulipokuja na sanduku lako la vifaa, bado yuko getini. Najua hujamsamehe. Nitarudi kwake.) Mjumbe mmoja ni mpima ardhi mstaafu, sisi humwita Mzee Ramani. Miaka minne iliyopita masikio yake yalizima yote mawili, lakini akili yake haijapungua hata chembe. Ikakubaliwa awekewe tableti mbele yake, na mimi nikae ubavuni kwake nimwandikie humo kila neno linalosemwa, papo hapo, ili asome wakati wenzake wanasikia. Pamoja na hiyo nina kompyuta ambayo naingizia maamuzi rasmi. Na nina simu, ambayo Mama Mwenyekiti hunitumia maswali kimyakimya kikao kikiendelea: kifungu kipi, tarehe gani, nani alipinga mara ya mwisho. Yaani vyombo vitatu kwa mtu mmoja.

Zamani nilikuwa narukaruka kutoka kimoja kwenda kingine. Kompyuta ilikuwa na vitufe vyake, lakini tableti na simu ni kioo kitupu, hakuna cha kushika. Wewe mwenyewe ulipojaribu simu ya wifi ulisema ni kama kupiga chapa juu ya sahani. Nikaomba kibodi moja isiyo na waya, zile zinazoweza kusema na vyombo vitatu kwa zamu: ukibonyeza hapa unaandika kwenye kompyuta, ukibonyeza pale umehamia kwenye tableti, na kadhalika. Kazi ya kununua akapewa mtu wetu wa kompyuta, ambaye ofisi nzima humwita Mtaalamu na yeye haoni ubaya wowote. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, shati lake limepigwa pasi mpaka linakwaruza. Akaniletea kibodi nyembamba, nyeupe, nzuri ajabu, akanieleza kwamba watu wa ng'ambo wameisifu kwelikweli. Kuhama chombo unakandamiza kitufe kidogo cha pembeni, kule chini kushoto kabisa, pamoja na Q kwa kompyuta, W kwa tableti au E kwa simu. Nikaifurahia siku nzima, ukweli usemwe.

Kikao cha kwanza nayo, mawingu yakatanda. Shemeji yako akaniandikia kwenye simu kuuliza kama aanue nguo zote au zilizokauka tu. Nikamjibu haraka kwamba aanue zote, aanze na za watoto, halafu ile suruali yake iliyopasuka makalioni aiache inyeshewe mpaka ife. Loh, Kaka! Simu ilipokea mpaka pale kwenye "anza na za", basi. Yaliyobaki yakaenda kutua kwenye tableti ya Mzee Ramani, katikati ya taarifa ya mtunza hazina. Mzee akasoma, akainua kichwa, akasoma tena, kisha akasimama kwa adabu zake zote akauliza kama suruali iliyopasuka ni mali ya bodi au ni ya mtunza hazina mwenyewe. Watu walicheka mpaka mmoja akatoka nje kuvuta pumzi. Nyumbani nako shemeji yako alikuwa amesimama chini ya kamba, mvua imeshaanza, ananiuliza za nani, mke wangu, anza na za nani. Nguo zote zililowa.

Hilo tulilicheka wiki nzima. La pili halikuwa na cha kuchekesha.

Kikao kilichofuata kilikuwa na hoja ya kufunga bomba la umma la eneo la sokoni, ambapo Mzee Ramani na majirani zake wanachota maji. Bomba hilo amelipigania miaka miwili. Mjadala ulipokwisha Mama Mwenyekiti akasema wanaotaka bomba la eneo la sokoni lifungwe wanyooshe mikono. Nikaandika vilevile, neno kwa neno, macho yangu yakiwa kwa msemaji na siyo kwenye kioo, maana ndivyo ulivyonilea. Tableti ikaandika "Wanaotaka bomba la", ikaishia hapo. Mengine yote yaliruka yakaingia kwenye simu. Mzee akasoma wanaotaka bomba la, akanyoosha mkono juu kabisa, mkono wa mtu anayelitaka bomba lake. Wakahesabu, wakapata watano kwa wanne. Lifungwe. Na Mzee alikuwa anatabasamu, Kaka, anawatazama wenzake mmoja mmoja kwa shukrani, akidhani wamemuunga mkono. Nilipotupa jicho kwenye tableti na kuiona ile sentensi iliyokatika, hesabu ilikuwa imeshatangazwa.

Sikumwachia mtu mwingine amweleze. Nilimwandikia kwenye karatasi, yote, pamoja na kosa langu, nikampa baada ya kikao. Akaisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akaniambia kwamba ameishi miaka minne bila kusikia, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kujiona kiziwi. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Taratibu zetu zinaruhusu hoja kufunguliwa tena kikao kinachofuata, kwa hiyo bomba lilikuwa bado halijafungwa. Lakini wajumbe wawili watatu wakaanza kusema tableti yenyewe ndiyo iondolewe, Mzee awe anapewa muhtasari asome kesho yake. Hebu fikiria, mjumbe mzima awe anajua kesho alichokikubali leo! Mama Mwenyekiti akanipa wiki tatu. Kikao kijacho, akasema, likipotea hata neno moja, tableti inaingia kabatini na mimi ninarudi masjala kupanga mafaili. Masjala hainiui, nilishakaa huko. Kilichokuwa kinaninyima raha ni lile tabasamu la Mzee.

Nikampelekea Mtaalamu kibodi aikague. Akaandika maneno manne kwa vidole viwili, yote yakaenda salama, akatangaza kwamba kifaa kizima. Kisha kwa sauti ya upole, ile sauti watu wanayotumia hospitalini, akaniambia kwamba vidole vilivyozoea mashine za zamani vina shida kidogo na vitu vya kisasa, na labda nikae nifikirie kuhusu umri. Mimi! Nina miaka arobaini na sita! Nilimpa vidonge vyake hapo hapo, nikamwambia vidole vyangu vilikuwa vinapiga chapa bila kutazama wakati yeye bado anajifunza kufunga kamba za viatu. Halafu nikatoka haraka, maana kwa siri nilikuwa naogopa kwamba anasema kweli.

Unajua nilichofanya? Saa ya chakula ukumbi ukiwa mtupu nilichukua taulo nikaifunika ile kibodi, na mikono yangu ndani, kama ulivyokuwa ukinifanyia karakanani kwako nilipokuwa na miaka kumi na minne. Nikaanza kuandika polepole, nikisikiliza vidole badala ya kutazama. Siku ya kwanza sikupata kitu. Ya pili hivyo hivyo, na nikagombana na mfagiaji aliyedhani naificha kibodi niibe. Siku ya tatu nikakumbuka maneno yako, kwamba Kiswahili kinakula A. Unakumbuka? Kila taipureta iliyoletwa kwako, A ndiyo ilikuwa imekufa kwanza, na A iko chini ya kidole kidogo cha kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Ndiyo maana ulinifanya niipige mara mia kila jioni kabla hujaniruhusu kuondoka, mpaka ukaniita Kidole Kidogo.

Nikapiga tena "za watoto". Nikapiga "la eneo". Nikaliona tatizo! Kidole kikishamaliza ile A ya mwisho wa neno kinajikunja kupumzika, na kwenye kibodi ile nyembamba kinapojikunja kinalalia kile kitufe cha pembeni. Neno linalofuata likianza na W, umeshahamia kwenye tableti. Likianza na E, umehamia kwenye simu. Sasa fikiria kikao cha maji kinavyosemwa: maoni ya wananchi, kwa wajumbe, bomba la eneo, shida za wakazi. Kibodi ile ilikuwa inaruka kama panzi! Mtaalamu hangeweza kulijua hilo maisha yake yote kwa vidole vyake viwili, wala hao wa ng'ambo walioisifu hawapigi lugha yetu. Nilipiga kelele peke yangu ukumbini. Mfagiaji akaja mbio na ufagio.

Nikamweleza Mama Mwenyekiti. Mtaalamu akasema kibodi inanunuliwa kutoka kwenye orodha yake. Mama akakata kauli kwamba anayeandika ndiye anayechagua, na kama nikikosea nitakuwa nimekosea kwa hiari yangu. Basi Jumamosi nikaingia madukani, tableti na simu ndani ya kikapu, nikaishia kwenye kiduka kimoja chenye muuzaji mwanamke, miwani juu ya paji la uso, mvumilivu kuliko mimi. Nikamwomba stuli, nikamwambia sitafuti nzuri, natafuta inayotii.

Nilizifanyia mitihani yako yote. Ya kwanza ilikuwa inakunjika mara tatu kama pochi, mpaka nikaitamani. Nikaiweka mezani nikabonyeza pembe, ikayumba, nikairudisha. Ya pili ilikuwa kubwa imara, ina namba zake kando, lakini ilikuwa inasema na chombo kimoja tu, na kelele zake zingefanya wajumbe wafunge madirisha wakidhani ni mvua ya mawe. Ya tatu ilikuwa na vitufe vya mviringo, rangi ya kupendeza. Sikubonyeza katikati ya kitufe, nilibonyeza ukingoni kama unavyofanya wewe, na A ikang'ang'ania kabla sijafika hamsini. Muuzaji alikuwa anahesabu nami. Akashangaa, akajaribu mwenyewe, ikamng'ang'ania na yeye, akaiondoa kabisa pale mbele.

Ya nne ilikuwa kwenye rafu ya chini, ina vumbi. Ya kijivu, nene, ina sura ya tofali, hata muuzaji alinionya kwamba watu hawaipendi. Vitufe vya kuhamia viko vitatu peke yao, juu kulia, mbali na mikono yote miwili, kila kimoja na taa yake: nyeupe, njano, buluu. Huwezi kukigusa mpaka uwe umeamua. Huhitaji kutazama kioo kujua uko wapi, ile taa unaiona kwa pembe ya jicho. Inatumia betri mbili ndogo kama za saa ya ukutani, na nikasikia sauti yako ikisema chukua mashine ambayo ikizimia unaweza kuifufua mwenyewe. Nikabonyeza pembe, ikatulia. Nikapiga A kwa kidole kidogo peke yake, ukingoni, mara mia. Nikaongeza mia. Zote zilitoka. Nikaandika "maoni ya wananchi wa eneo la wakazi" mara ishirini mbio mbio, haikuruka hata mara moja. Muuzaji akapiga makofi. Nikamwambia anifungie hiyo hiyo, na vumbi lake.

Wiki mbili zilizobaki nyumba yangu iligeuka karakana. Kila jioni kabla ya chakula shemeji yako alinisomea gazeti kwa kasi, watoto wakipiga kelele moja, tatu, mbili, na mimi nahama chombo kwa kila namba, taulo juu ya mikono. Mwanangu wa mwisho alisema mama anakanda mkate. Shemeji yako alisoma mpaka sauti ikakauka, na mara moja tu ndiyo aliniuliza kama na ile suruali imo kwenye gazeti.

Siku ikafika. Nilivaa gauni langu la kijani. Mtaalamu alikaa ukutani amekunja mikono, akaitazama kibodi yangu akasema ni silaha nzuri ya kumpigia mwizi. Nikacheka tu. Mzee Ramani akaketi mbele ya tableti bila kunitazama. Niliona mikono yake imeshika ukingo wa meza.

Nikaanza. Kaka, sijui nikuelezeje. Kwa muda wa saa mbili na nusu! Walisema taratibu, walisema mbio, walikatizana maneno, na mimi sikuachwa nyuma na neno. Taa ya njano, nampa Mzee. Simu ikitikisika, taa ya buluu, namjibu Mama kifungu cha sita, narudi njano kabla msemaji hajameza mate. Kidole kidogo kilikuwa kinaipiga A kama kimezaliwa kwa kazi hiyo. Katikati ya mjadala wa bomba, mjumbe mmoja mwenye maduka akainamisha kichwa akasema kwa sauti ya chini, kama walivyozoea wakitaka mimi nisisikie na Mzee asijue, kwamba watu wa eneo lile hata hilo bomba hawalitumii, wana matangi majumbani. Mimi nililisikia, nikaliandika kama lilivyo. Kabla hajanyanyua kichwa Mzee alikuwa ameshasimama. Akamuuliza hayo matangi ameyaona wapi, maana yeye kila asubuhi anapanga foleni bombani nyuma ya ndoo nne, na ndoo hizo zimeandikwa kwa rangi nyekundu jina la duka la mheshimiwa. Ukumbi ulilipuka! Mwenye maduka akatafuta miwani yake wakati ameivaa.

Wakapiga kura tena. Safari hii Mzee alisoma swali lote mpaka nukta, akaweka mikono yake mapajani, akasubiri zamu ya wanaopinga. Watatu kwa sita. Bomba linabaki! Wajumbe wakaanza kugonga meza kwa viganja, na Mzee akalaza mikono yake yote miwili juu ya meza, vidole wazi, ili aipate ile ngurumo. Akanigeukia, na lile tabasamu likarudi, na safari hii lilikuwa mahali pake. Mtaalamu naye, sitamnyima haki yake, alikuja mezani kwangu akaniomba aijaribu A.

Sasa nimefika kwenye ile sababu ya pili. Nimeinuka nikanywa maji, nimerudi.

Baada ya kura Mama Mwenyekiti aliniuliza mbele ya wote ni chuo gani kilichonifundisha kuandika hivi. Tangu nilipoajiriwa watu hapa hudhani nimesomea chuo, na mimi sijawahi kusema uongo, nilikuwa nanyamaza tu na kuwaacha waamini. Siku hiyo nilisimama nikawaambia sikusoma chuo chochote. Nikasema nimefundishwa na kaka yangu, fundi wa taipureta, kwenye karakana ya mabati, kwa taulo. Nikasema kila nilichofanya kuchagua kibodi ile ni mitihani yake. Nikawaambia ulifunga karakana kwa kukosa mashine, kwamba sasa unatengeneza feni na pasi, na kwamba kila tukizungumza unaniambia mikono yako ilijifunza kitu kisichofaa tena.

Wao niliwaambia hayo. Kuna ambalo sikuwaambia, kwa sababu ni lako.

Kaka, si Kufuli aliyekufukuza. Siku ile, miaka tisa iliyopita, alipanda ngazi mpaka ghorofani akaniambia chini kuna fundi ana sanduku na ovaroli ya mafuta, anasema ni kaka yangu, anauliza kama kuna mashine za kutengeneza. Nilikuwa nimesimama na wakubwa wangu wapya, nina wiki mbili kazini. Nikamwambia akakwambie hapa hakuna anayekujua. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Kisha nikasogea dirishani nikakutazama ukiinua sanduku, ukilihamisha mkono, ukiondoka. Jumapili yake ulinipigia simu ukimlaani mlinzi, na mimi nikamlaani pamoja nawe, nikacheka ulipompa jina. Nimeishi na jambo hilo kila mara nilipopita getini, miaka tisa. Na yeye hakuwahi kunisema kwa mtu. Jana nimekwenda kumwomba msamaha. Akasema sura yako ameisahau, ila sanduku analikumbuka, lilikuwa zito. Nisamehe, Kaka. Niliionea aibu mikono iliyonilisha.

Bodi ina matawi manne, na kila tawi litapata tableti kwa wasiosikia na karani wa kuwaandikia. Mama Mwenyekiti anataka uje Alhamisi ijayo uwachagulie makarani kibodi zao na kuwafundisha kwa taulo. Barua yake rasmi, yenye muhuri, nimeiweka ndani ya bahasha hii. Mzee Ramani ameomba akae karibu nawe. Mtaalamu ameuliza kama anaruhusiwa kuja na daftari. Tafadhali njoo na sanduku lako, hata kama halitafunguliwa.

Usipotaka kuja nitakuelewa, wala sitapiga simu kukuhimiza. Msalimie wifi, wabusu wanangu, na hizo feni zibebe moja moja. Barua hii nimeiandika kwa kibodi yenyewe ya kijivu, ukitaka hesabu A uone kama kuna iliyokosekana.

Alhamisi saa tatu asubuhi nitakuwa nje ya geti, pale pale uliposimama wewe. Kufuli ameshaniambia nikae kivulini, nimekataa. Nimemwomba afanye kazi yake kama siku ile, aniulize mtu huyu ni nani. Nitamjibu kwa sauti ambayo hata Mzee Ramani ataisikia huko juu.

Mdogo wako,
Kidole Kidogo